Mwenye Baiskeli Hakupatikana

Idara ya Ulinzi na Usalama wa Chuo
Dawati la Baiskeli
4 Machi

Kwa mwenye baiskeli ya kijani, tandiko jekundu, kibandiko namba 318

YAH: BAISKELI ILIYOACHWA KWENYE EGESHO

Ndugu,

Katika ukaguzi wa mabweni tumeona baiskeli yako imefungwa kwenye egesho la Bweni la Nne bila kutumika kwa muda mrefu. Tairi zote mbili hazina upepo, mnyororo umeota kutu, na buibui amejenga kwenye spoku za nyuma. Tumekuwekea karatasi ya onyo kwenye usukani mara mbili, hukutokea.

Unaombwa kufika dawatini na kitambulisho chako. Usipofika, tutakata kufuli na kuipeleka stoo. Kwa kuwa simu uliyoandikisha haipatikani, tunaandika kwa anwani ya nyumbani.

Mlinzi wa zamu,
Dawati la Baiskeli

*

11 Machi

Afisa wangu,

Salamu nyingi. Barua yako imenikuta mimi, baba wa huyo unayemtafuta. Ulipofika kwenye buibui nilicheka peke yangu dukani, mpaka mteja aliyekuja kupima kitambaa akaniangalia vibaya.

Mimi ni fundi wa makochi. Hilo tandiko jekundu nimelishona kwa mkono wangu, kwa kitambaa kilichobaki kwenye viti vya daktari wa meno. Nilimwambia kijana, utakuwa na tandiko la kifalme, ila wanaokalia kitambaa hiki kwa kawaida huwa wanalia.

Nadhani mmechanganya vibandiko. Mwanangu yuko hapo hapo Bweni la Nne, chumba cha kumi na sita, ghorofa ya juu. Barua yake ya mwezi uliopita inasema kila asubuhi anaipanda kwenda darasani na anashuka ule mteremko wa maktaba bila kushika breki. Nilimjibu ashike breki.

Mgongee mlango tu. Gonga kwa nguvu, akizama kwenye vitabu hasikii. Sisi nyumbani tunamwita Njiti. Utamjua kwa urefu, na kwa kuinama kila anapoingia mlangoni hata mlango ukiwa mrefu kuliko yeye.

Na kama kweli ni yake, mwambie baba yake kasema atie upepo, aache uvivu.

Wako,
Fundi Makochi

*

Dawati la Baiskeli
18 Machi

Mzee wangu, shikamoo.

Nashukuru kwa barua yako. Ingawa mimi ni mama wa miguu mibovu, nimepanda mwenyewe hadi chumba cha kumi na sita na nikagonga kwa nguvu kama ulivyoniambia.

Mwenye baiskeli hakupatikana.

Kibandiko hakijachanganywa. Tandiko ni jekundu na limeshonwa vizuri mno, hakuna lingine kama hilo hapa chuoni. Nimekata kufuli na kuiingiza baiskeli stoo mahali pakavu. Nimeifuta vumbi pia, ingawa hiyo si sehemu ya kazi yangu.

Kanuni zetu haziniruhusu kumweleza mtu habari za mwanafunzi, hata awe mzazi wake. Nakuomba uwasiliane naye mwenyewe.

Mlinzi,
Dawati la Baiskeli

*

24 Machi

Dada mlinzi,

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea. "Hakupatikana." Neno hilo silipendi. Mtu aliyetoka kwenda dukani mnasema katoka. Mtu aliyelala mnasema kalala. Hakupatikana ni neno la mtu mwingine kabisa.

Nakuomba jambo moja. Achana na kanuni zako zote, niambie tu kama mwanangu ni mzima.

Utajiuliza kwa nini nisimpigie simu. Nitakwambia, lakini liishie kwako. Mwaka jana nilipata homa kali, na ilipoondoka iliondoka na masikio yangu. La kushoto kwanza, la kulia likafuata polepole. Sasa nikigonga misumari naiona inaingia, siisikii. Wateja nawasoma midomo. Njiti nimemwambia simu yangu imeharibika na kwamba barua ni bora, barua inakaa. Akijua ukweli ataacha masomo kesho yake aje kunitunza, na mama yake alimwachia neno kabla hajafariki, kwamba asome. Kwa hiyo namwandikia kwamba duka linajaa watu na redio inapiga kelele kutwa. Redio iko kweli. Sijui kama inapiga.

Hapa nyumbani niko mimi na viti vya watu. Nikipata habari mbaya sina wa kumgeukia nikamwambia. Ndiyo maana nakuuliza wewe nisiyekujua.

Fundi Makochi

*

Iachwe mapokezi, Bweni la Nne
29 Machi

Kwa Njiti,

Usishtuke kwamba najua jina hilo.

Mimi ni yule mama wa dawati la baiskeli, ambaye ninyi wanafunzi mnamwita Shangazi wa Geti. Nilikwenda chumba cha kumi na sita. Alifungua kijana mwenye mswaki mdomoni, akasema yuko humo tangu muhula huu uanze na wewe hakujui. Ofisi ya mabweni wakaniambia ulirudisha ufunguo muhula uliopita. Kwenye orodha za madarasa hupo. Lakini mama wa mapokezi anasema kuna kijana mrefu anayekuja saa za chakula cha mchana, anachukua barua zake na kuondoka bila kusema zaidi ya asante.

Sikuandikii kukukamata. Mtu mzima ana haki ya kuacha chuo, na kuacha baiskeli si kosa la jinai. Nakuandikia kwa sababu baba yako anadhani umekufa. Hakulisema neno hilo, amelizunguka tu.

Mimi nimefungwa mdomo na kanuni. Wewe hujafungwa. Andika.

Shangazi wa Geti

*

3 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za bweni, nikakaa chini.

Mimi ni mzima. Nafanya kazi kwenye dobi la hospitali kuu, upande wa mashuka. Tunayapokea yakiwa na kila kitu ambacho mtu mgonjwa anaweza kukiacha, tunayachemsha, tunayakausha, tunayakunja. Watu wa pale hawana maneno mengi kwa sababu ya kelele za mashine, na hilo linanifaa. Nina chumba nyuma ya karakana ya mageti. Nakula vizuri.

Umeniuliza nini kilitokea, ingawa hukuuliza. Sikufukuzwa. Mwenzangu wa chumba alihamia kwa rafiki zake, nikabaki na vitanda viwili. Darasani tulikuwa mia tatu, unaingia, unakaa, unatoka. Kuna juma moja niligundua kwamba tangu Jumatatu mtu pekee niliyezungumza naye alikuwa yule wa mgahawa, na nilimwambia "na sukari."

Ndipo nikaanza kupiga simu kwenu. Huenda unakumbuka. Kuna ile huduma yenu ya kusindikiza wanaoogopa kutembea peke yao jua likizama. Sikuwa naogopa kitu, Shangazi, mimi ni mrefu kuliko walinzi wote. Nilikuwa napiga ili mtu atembee na mimi kutoka maktaba hadi bwenini. Mara nyingi ulikuja wewe. Ulikuwa unanisimulia habari za miguu yako, na viatu vya ofisi vilivyo vidogo, na yule paka wa jikoni. Hukuniuliza hata siku moja naogopa nini.

Halafu jioni moja redio yako ya mkononi ikasema, "Yule mrefu anaogopa giza tena? Mwambie alete na mama yake." Wakacheka wengi. Uliipunguza sauti haraka, ukaendelea na habari za paka. Lakini nilikuwa nimesikia. Sikupiga tena. Baada ya hapo sikuona sababu ya kwenda maktaba, kisha sikuona sababu ya kwenda darasani, na mambo yakaenda hivyo, bila kelele.

Baiskeli niliiacha makusudi. Nilitaka mtu yeyote wa kwetu akipita aione pale aseme, yupo. Hata mimi nilikuwa napita kuiangalia nikija kuchukua barua.

Tafadhali usimwambie Baba. Ananiandikia duka limejaa, redio inapiga, ana furaha. Ni mimi ninayempa hiyo furaha. Kwa simu angenijua kwa sauti, namshukuru Mungu simu yake iliharibika.

Njiti

*

Dawati la Baiskeli
5 Aprili

Mzee wangu,

Mwanao ni mzima. Nimeona mwandiko wake, nimejibiwa barua yangu. Herufi zake zinalala upande kama zako.

Hayo mengine ni yake kuyasema, na nimemwomba ayaseme. Siri yako uliyonipa ninayo.

Usiku huu lala.

Shangazi wa Geti

*

12 Aprili

Mwanangu Njiti,

Huyo mama wa geti ameniambia u mzima, na nimeshukuru. Lakini mtoto akiwa mzima na baba yake anaambiwa na mlinzi, kuna kitu hapo kimekaa upande. Sikugombezi. Nakuja nikuone.

Nimefunga duka kwa siku chache, nimemwambia mwenye kochi la bluu asubiri. Nitafika tarehe 27 kwa basi la kwanza. Usiache kipindi kwa ajili yangu. Nitakaa hapo bwenini nikungoje hadi utoke darasani. Nakuletea pampu na mafuta ya mnyororo, maana nasikia una buibui.

Baba yako

*

17 Aprili

Shangazi,

Baba anakuja tarehe 27. Nimeshika kichwa.

Naomba unisaidie kwa siku moja tu. Irudishe baiskeli kwenye egesho. Yule kijana wa chumba cha kumi na sita nimeongea naye, amekubali kunipisha kwa saa chache nikae kwenye meza yake na vitabu vyake. Wewe ukimwona Baba getini mwambie tu, "Njiti? Huyo tunamjua, kijana mzuri." Si uongo mkubwa. Atarudi nyumbani ameridhika, nami nitapata muda wa kufikiri nimwambieje.

Nakuomba sana.

Njiti

*

19 Aprili

Mwanangu,

Baiskeli nitairudisha, kwa sababu ni yako na stoo imejaa.

Hayo mengine siwezi. Nikisema "huyo tunamjua" itakuwa uongo, tena mkubwa. Hatukukujua. Uliishi hapa, ukatupigia simu, ukaondoka, na dawati letu lilichogundua ni tairi zisizo na upepo.

Nilidhani jioni ile hukuisikia redio. Kesho yake nilimwendea aliyesema tukagombana mbele ya mkuu wetu wa zamu, nikaonekana mama mkorofi. Nilingoja upige tena. Nilikuwa naitazama ile simu ya mezani kama mtu anayengoja posa. Nikajiambia, pengine amepata marafiki, ashukuriwe Mungu.

Tarehe 27 mimi nipo geti la mbele. Usiende kujificha kwenye chumba cha mtu. Njoo getini.

Shangazi

*

Kwa mkono wa dereva wa gari la doria. Apewe Njiti, dobi la hospitali, upande wa mashuka
27 Aprili, asubuhi

Njiti,

Baba yako amefika. Amevaa koti la suti lililopigwa pasi mikunjo ikasimama, na amebeba mfuko wenye pampu.

Nimempeleka egeshoni. Nilimwambia apande juu kama anataka, akakataa. Anasema hawezi kukuvamia chumbani bila taarifa, utaona aibu mbele ya wenzako. Amepindua baiskeli miguu juu, ametia upepo, sasa anasugua mnyororo kwa kitambaa. Na kila anapopita kijana karibu, yeye anainuka, anafuta mkono kwenye suruali, anampa na kumwambia, "Mimi ndiye baba yake Njiti." Wanampa mkono. Wanasema, "Karibu, Mzee." Wanapita. Yeye anawasindikiza kwa macho, anafurahi kwamba una marafiki wengi hivyo.

Siwezi kulitazama hili zaidi. Sijamwambia uongo wala ukweli, nimekaa katikati na hapakaliki.

Mwombe msimamizi wako ruhusa. Usipofika, ataendelea kuwasalimia mpaka jioni. Na kuna jambo lake ambalo si langu kulisema, ila nakuomba ukija mwendee kwa mbele, akuone.

Dereva anakungoja nje.

Shangazi

*

6 Mei

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kukawia. Ulituona kwa mbali tu kutoka getini, nadhani unastahili kujua kilichotokea.

Sikubadilisha nguo. Nilitoka na aproni ya mpira na buti, dereva wenu akaweka gazeti kwenye siti nisimlowanishie. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika nikasahau kabisa ulichoniambia. Alikuwa amenipa mgongo, amechuchumaa. Nikasimama nyuma yake nikaita, "Baba."

Hakugeuka.

"Baba, ni mimi."

Akaendelea kusugua. Nikajua amekwisha jua yote. Nikafikiri, kaja toka mbali kunionyesha kwamba hataki kusikia sauti yangu. Nikasema, "Nisamehe, Baba," na bado hakuinua kichwa. Shangazi, niligeuka. Nilikuwa nimefika kwenye ile miti ya mapokezi, ningeondoka na nisingerudi kwenu wala kwetu.

Ndipo mwanafunzi mmoja akaja na baiskeli kwa kasi, anapiga kengele, anapiga tena, anapaza sauti, "Mzee! Mzee, pisha!" Watu wote wakageuka. Baba peke yake hakusogea hata kidogo. Yule kijana akamkwepa kwa nyuma, akamkosa kwa unene wa kidole, akamtukana. Baba akawa anapaka mafuta mnyororo, anajitabasamia.

Sijui nilirudije pale. Nilizunguka nikapiga magoti mbele yake. Kwanza aliona buti. Akapandisha macho taratibu, aproni, shingo, uso. Akasema kwa sauti kubwa mno, ile ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, "Umetoka kazini."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na darasa?"

"Sisomi tena, Baba."

Akanitazama mdomo. "Sema polepole."

"Sisomi tena."

"Sijaipata. Tena."

Ilibidi niseme mara ya tatu, kwa mdomo mzima, kama mtu anayemfundisha mtoto kutamka. Si-so-mi te-na. Nilikuwa nimeogopa kulisema mara moja, nikalisema mara tatu mbele ya bweni zima, mara ya mwisho nikiwa nalia.

Akakaa chini kwenye saruji na koti lake la suti. Akasema, "Nilidhani umekufa, mimi." Kisha akagusa sikio. "Haya yamekwisha. Nilikuficha usije ukaacha masomo." Tukatazamana. Sijui nani alianza kucheka. Haikuwa furaha, tulikuwa tumechoka tu.

Jioni nilimpeleka chumbani kwangu. Aliangalia kila kona, akakaa kwenye kiti changu cha plastiki, akainuka, akakitazama kama mtu aliyetukanwa. Kesho yake nilimpeleka hospitali, kwa daktari wa masikio anayenijua kwa sababu ya mashuka. La kushoto halina kitu. La kulia limebaki na kidogo, na kuna kifaa kinaweza kumsaidia.

Nimeomba ruhusa dobini, naenda naye nyumbani kwa muda. Ofisi ya wanafunzi wameniambia naweza kuomba kurudi mwakani. Sijaamua. Baba hajanisukuma. Neno la Mama amelitaja mara moja tu.

Baiskeli imeshapakiwa juu ya basi. Kibandiko nimekibandua, nakirudisha humu ndani ya bahasha.

Njiti

*

14 Mei

Dada yangu,

Tumefika salama. Njiti amefungua duka, amefagia vumbi, na amemaliza upande mmoja wa kochi la bluu. Mshono wake unayumba kama mtu aliyelewa, lakini mwenye kochi ataukalia, hataona.

Kifaa nimekipata. Kinanisikilizisha vitu nisivyovitaka. Paa linalia. Meza inalia. Njiti anasema mimi nakoroma kama msumeno butu. Nimemwuliza tangu lini, akasema tangu zamani, mama yake alikuwa akilalamika. Basi, tangu afariki nimekoroma miaka yote hii na hakukuwa na mtu wa kunigusa bega.

Lakini sijakuandikia hayo. Pale egeshoni, ulipoleta chai, nilikuuliza una watoto wangapi. Ukanijibu, "Nina mabweni sita." Mdomo wako ulicheka, nikausoma vizuri. Macho hayakucheka. Nikaona si mahali pake, siku ile nilikuwa na yangu. Sasa nimetulia, nakuuliza kama mtu anavyomwuliza dada yake. Ukitoka zamu unakwenda kwa nani?

Kama swali ni baya, lichane, tuandikiane habari za baiskeli. Kama si baya, duka letu lina chumba nyuma, kina dirisha, na viti hapa havijawahi kukosekana. Njiti anasema uje na hivyo viatu vidogo, kuna mwenzangu hapa mtaani anavitanua.

Kaka yako,
Fundi Makochi

*

22 Mei

Kaka Fundi, na mwanangu Njiti,

Swali lako si baya. Nimetembea nalo zamu nzima.

Nakaa kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya geti la pili, chumba kimoja na kijiko kimoja. Nilikuwa na mume, akapata kazi mbali, mwanzo akawa anaandika. Nilikuwa na dada, tuliishi naye hapo mpaka alipofariki, na kitanda chake nilikitoa mwaka jana baada ya kukikwepa muda mrefu gizani nikienda kunywa maji. Watoto sikujaliwa. Nikitoka zamu nakwenda kwa huyo dada ambaye hayupo.

Kazi yangu ni kusindikiza watu. Nimewafikisha wengi milangoni mwao. Mtu anaingia, anasema, "Asante, Shangazi," anafunga mlango, nasikia komeo. Halafu nageuza njia ile ile. Sijawahi kulalamika, na sikuwahi kuona kuna cha kulalamikia. Nilipokuwa natembea na wewe, Njiti, nilijua huogopi kitu. Mtu anayeogopa hutembea haraka. Wewe ulikuwa unapunguza mwendo tukikaribia bweni, na mimi nilikuwa napunguza pia. Habari za paka zilikuwa zimekwisha siku nyingi, nilikuwa natunga.

Nimekwenda kwa mkuu wa zamu kuomba likizo. Akafungua faili langu akacheka, akaniuliza kama naumwa, maana sijawahi kuomba. Nikamwambia naenda kwa watu wangu. Neno hilo lilitoka lenyewe, na nikaona amelikubali bila swali, kama vile ni kitu cha kawaida.

Nitafika Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kwa basi la asubuhi. Sijui mtu akienda kwa watu siku hizi anabeba nini. Nimesimama dukani jana mbele ya rafu, nikachukua sukari, nikairudisha, nikachukua sabuni, nikairudisha, mpaka muuzaji akaniuliza natafuta nini. Nikatoka mikono mitupu.

Niandikieni mnapenda nini.

Dada na shangazi yenu